Lushoto: Mzee akiondoka, nchi hubaki na nani?

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto haifiki hata kilomita 40, lakini kwa mtoto mwenye tumbo jepesi ni ndefu kuliko safari yote ya kutoka Dar es Salaam. Ukishaiacha barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, lami inaanza kupanda ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona, bonde likiwa upande mmoja na mwamba upande wa pili. Joto la Mombo linabaki chini. Mkifika Soni, akina mama wanafungua mabegi kutafuta masweta, na wauza matunda wanakimbilia madirishani na vikapu vya plamzi na mapeasi.

Familia nyingi huja huku likizo ya Juni kwa ajili ya baridi, matunda na kupiga picha kwenye mwamba wa Irente. Si vibaya. Lakini milima ya Usambara ina somo jingine ambalo mzazi anaweza kumpa mtoto bila kulipa kiingilio, tena ni somo ambalo sisi watu wazima tunalikwepa majumbani mwetu: mtu anayetegemewa na wote akifariki, waliobaki wanabaki na nini?

Ninaandika habari za afya, na katika kazi hiyo kifo hakikosekani. Nimeona kwamba hospitali inaweza kueleza mtu amekufa kwa ugonjwa gani, lakini haiwezi kueleza kwa nini nyumba moja husimama baada ya msiba na nyingine ikaanguka. Lushoto wana historia ndefu ya swali hilo. Tuifuate kwa miguu, kituo kwa kituo.

Mtoto wa kigego

Wasambaa wanaianza historia ya utawala wao kwa mtoto aliyekataliwa. Jina lake Mbegha, mwindaji aliyetoka Kilindi katika nchi ya Nguu, yapata karne ya 18. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa mwishoni mwa karne ya 19.

Mbegha alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeanza kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Zamani, katika jamii nyingi za ukanda huu, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi, na wengi hawakuachwa waishi. Wazazi wa Mbegha walimficha na kumlea. Walipokufa, ndugu wakamnyima urithi kwa kisingizio hichohicho cha meno. Akaondoka na mbwa wake na silaha zake za kuwindia, akaingia milimani.

Huku juu alikuta watu wanaosumbuliwa na nguruwe mwitu mashambani. Akawawinda, nyama akaigawa, wenyeji nao wakampa chakula cha shamba. Sifa zake zikatangulia mbele yake kijiji kwa kijiji. Aliua pia simba, na mwisho watu wa Vuga wakamfanya mtawala wao. Ukoo wake, Wakilindi, ukatawala Usambara kwa vizazi vingi, na mtawala mkuu akaitwa Simba Mwene.

Mzazi mwenye mtoto mchanga asiisome habari hii kama hadithi ya zamani tu. Watoto wengi huanza na meno mawili ya chini, kwa kawaida karibu na mwezi wa sita, lakini wapo wanaoanza na ya juu na hakuna ubaya wowote. Hata leo bado tuna ndugu yake kigego: imani ya “meno ya nailoni” au “meno ya plastiki”. Mtoto anaharisha au anapata homa, mtu anamfungua kinywa, anaona fizi imevimba na kuwa nyeupe, kisha anaikwangua na kung'oa chipukizi la jino. Mtoto anabaki na kidonda, kuvuja damu na hatari ya maambukizi, na ugonjwa wenyewe uliomletea homa haujaguswa. Ulipo ni mahali pa kwenda zahanati, si mahali pa kutafuta mtaalamu wa kung'oa.

Turudi kwa Mbegha. Alipokufa, wakubwa wachache waliokuwa karibu naye waliificha habari. Kabla watu hawajajua kwamba Simba Mwene hayupo, mwanawe Buge aliletwa kutoka Bumbuli. Baba akazikwa, mwana akatangazwa. Kwa hiyo siku watu walipoambiwa “mzee ameondoka”, waliambiwa papo hapo nani amekaa mahali pake.

Tangu hapo Bumbuli ikawa makao ya mrithi. Leo Bumbuli ni halmashauri inayojitegemea, na wengi wanaifahamu kwa hospitali yake ya Kilutheri na mashamba ya chai. Ukiwa Soni unaona njia inayoelekea huko. Mwambie mtoto kwamba hapo ndipo alipokuwa akiwekwa mtu wa kesho.

Kuponya nchi, kuharibu nchi

Wasambaa wana maneno mawili ambayo mwandishi wa afya hawezi kuyapita. La kwanza ni kuzifya shi, kuiponya au kuitengeneza nchi. La pili ni kubana shi, kuiharibu. Nchi, kwa maana hiyo, ni zaidi ya udongo. Ni mvua kunyesha kwa wakati, mihogo na migomba kustawi, watoto kuzaliwa na kukua, watu kutouana. Mtawala alisifiwa au kulaumiwa kwa kipimo hicho. Iliaminika pia kwamba nguvu mbili zikishindana juu ya mvua, kila mmoja akitaka kuonyesha kwamba ni yeye anayeiweza, nchi hupata njaa.

Unaweza usiamini habari za mvua. Lakini kipimo chenyewe ni kizuri kuliko vingi tunavyotumia leo. Kinauliza: huyu mkubwa tunayemheshimu, wakati wake watu walikuwa wazima?

Lushoto ya karibuni ilipewa mtihani huo bila wafalme. Kuanzia mwaka 1980 hadi 2004 wilaya hii ilisumbuliwa na tauni, ugonjwa wa panya na viroboto ambao wengi wetu tuliusoma kwenye vitabu vya historia ya Ulaya. Katika miaka hiyo waliugua watu zaidi ya 7,000, na zaidi ya 600 wakafa. Tauni inatibika kwa dawa za viuavijasumu, mradi mgonjwa afikishwe kituoni mapema. Sasa fikiria kijiji cha mlimani, njia ya miguu, usiku, mvua, mtoto ana homa na tezi limevimba kinenani. Hapo tofauti kati ya kupona na kufa inaweza kuwa mtu mmoja tu anayeaminika: mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya wa kijiji, imamu au mwinjilisti, anayesema “mbebeni sasa hivi” na watu wakambeba. Watu hao hawaandikwi magazetini wanapokufa. Ila kwa lugha ya hapa, walikuwa wakiiponya nchi.

Vuga na mzee aliyetaka dawa

Kutoka Soni, njia nyingine inakupeleka Vuga, iliyokuwa mji mkuu wa Wakilindi. Usitegemee ngome wala kasri la mawe. Vuga ya zamani ilikuwa nyumba za miti na nyasi, migomba na watu, na iliteketea kwa moto zaidi ya mara moja. Kilichobaki ni kilima, mashamba na habari.

Hapa ndipo alipotawala Kimweri ye Nyumbai, mtu aliyeheshimiwa kuliko wote katika historia ya milima hii. Alitawala kwa zaidi ya miaka 40 hadi alipokufa mwaka 1862. Mamlaka yake yalishuka kutoka milimani hadi Bonde na kugusa pwani, ambako yalikutana na ya Sultani wa Zanzibar. Wageni walipanda kumwona. Mmisionari Ludwig Krapf alifika mwaka 1848 na tena 1852. Mwaka 1857 wakaja Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, kabla ya safari yao ndefu ya kwenda maziwa makuu.

Waingereza hao walikuta mzee mkongwe aliyekonda na kuchoka. Alipowapokea, jambo lililomshughulisha lilikuwa dawa. Alikuwa amesikia kwamba wazungu ni waganga, akataka wampe kitu cha kumrudishia uzima na nguvu. Hawakuwa nacho.

Nilipoisoma habari hiyo niliona kitu tunachokiona kila siku kwenye wodi zetu. Mzee ameongoza watu maisha yake yote, mwili umeanza kuaga, na familia nzima inahangaika na swali moja tu: dawa iko wapi? Ni swali la haki. Mzee mgonjwa atibiwe, apunguziwe maumivu, atunzwe. Lakini lipo swali la pili ambalo huachwa mpaka siku ya kuchimba kaburi. Kwa Kimweri, swali hilo la pili ndilo lililoivunja nchi.

Baba wadogo na mtoto wa kaka

Kimweri alikuwa na wake na watoto wengi. Aliwaweka wanawe kuwa machumbe, yaani watawala wa sehemu mbalimbali. Maadamu baba alikuwa hai, mpango huo ulifanya kazi vizuri, kwa sababu kila zumbe alikuwa mwana anayemwogopa na kumtii baba. Lakini baba aliishi sana. Aliyekaa kwenye kiti chake mwaka 1862 alikuwa mjukuu, Shekulwavu. Ghafla wale machumbe hawakuwa tena watoto chini ya baba. Walikuwa baba wadogo na baba wakubwa, watu wazima waliokaa kwenye maeneo yao miaka mingi, wanaotakiwa kumpigia magoti mtoto wa kaka yao.

Nani kati yetu hajawahi kuiona picha hiyo msibani? Marehemu hajamaliza wiki kaburini, mtoto wake mkubwa anaulizia hati ya kiwanja, na baba mdogo anamjibu, “Wewe ulikuwa hujazaliwa wakati tunakinunua.”

Ili kuelewa kilichofuata, ondoka Vuga, panda hadi Lushoto mjini, kisha nenda Irente, mwendo wa saa moja na nusu au mbili kwa miguu kwa watu wasio na haraka. Njia inapita kwenye miti na mashamba ya mahindi na maharage, watoto wa shule wanakusalimu. Ukikutana na mzee, mpe shikamoo yake kwanza. Ukiongeza “onga makeo” asubuhi au “onga mshi” mchana, utaona uso unafunguka. Mwisho wa njia ardhi inakatika. Mbele yako ni mwamba unaoshuka karibu mita 1,000, na chini kabisa imetandazwa nyika hadi macho yanaposhindwa. Washike watoto mkono, kwa sababu kingo si za kuchezea.

Vile vijumba unavyoviona chini ni Mazinde. Huko ndiko alikokaa Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri. Ukiangalia kutoka juu, unaelewa mara moja. Vuga ilikuwa juu, mbali na njia kubwa. Mazinde ilikuwa nyikani, palipopita misafara ya pembe za ndovu kutoka bara kwenda pwani. Aliyekaa Mazinde alifanya biashara na misafara, akapata bunduki. Mjukuu alikuwa na kiti cha babu, na baba mdogo alikuwa na silaha.

Semboja aliishambulia Vuga, akamwondoa Shekulwavu, na baadaye akamsimika mwanawe mwenyewe. Wabondei walipoona nyumba ya wakubwa inagombana, wakaasi utawala wa Wakilindi. Vita viliendelea kwa miaka mingi, na katika nyakati hizo za biashara ya utumwa, mtu aliyetekwa vitani alikuwa mali. Watu wakauzwa. Majirani waliokuwa wakipeana mbegu wakawindana. Wajerumani walipofika, hawakukuta nchi yenye sauti moja. Mwaka 1895 walimnyonga hadharani Mputa, mwana wa Semboja. Mji wa Lushoto wakauita Wilhelmstal, jina la kwao.

Miaka 33 tu ilipita kati ya kifo cha mzee Kimweri na kitanzi cha mjukuu wake Mputa. Mtu aliyeiponya nchi kwa zaidi ya miaka 40 hakuacha njia ya kuiponya baada yake. Heshima yake ilikuwa kubwa mno, kiasi kwamba yote yalishikwa na uhai wake, na uhai ulipokatika yakaanguka pamoja.

Katika milima hiihii, upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua makao ya Lutindi mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakageuka hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki, na mpaka leo inahudumia. Sijui jengo linaloweza kueleza vizuri zaidi kwamba ugomvi wa wakubwa huishia kwenye miili na akili za watoto.

Mji wa mahakimu

Lushoto mjini ni padogo. Soko lenye karoti, kabichi na viazi, stendi, msikiti, makanisa, ofisi za serikali, miti mirefu iliyopandwa tangu zamani. Hapa pia kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachofundisha watumishi wa mahakama kutoka nchi nzima. Kwa hiyo milima iliyovunjwa na ugomvi wa kurithi ndiyo inayofundisha sasa watu watakaokaa kwenye mahakama zetu, ambako kesi za mirathi hazikauki.

Tukiwa hapa, mzazi, tuzungumze kama familia. Mtu akifariki bila wosia, kwa kawaida ukoo hukaa kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao na cheti cha kifo hupelekwa mahakamani, na mara nyingi safari hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi si mrithi mkuu wala si mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa wanaostahili. Familia nyingi huumizana kwa sababu hawajui tofauti hiyo, na aliyechaguliwa kusimamia huanza kutembea kama Simba Mwene.

Wosia huandikwa na mtu mwenye akili timamu, mbele ya mashahidi, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, husaidia kuuandika na kuuhifadhi. Kwa Waislamu, ambao ni wengi hapa Lushoto, mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa na sheria ya dini, na wosia hauvuki theluthi moja ya mali. Ni vizuri kumwuliza mwenye elimu kabla ya kuandika. Wapo wanaosema kuandika wosia ni kujiitia kifo. Kimweri hakuandika, na kifo kilikuja vilevile.

Jina lililobaki kazini

Si kila habari ya Lushoto inaishia kwa moto. Makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania yako hapa, na aliyekuwa askofu wake, Sebastian Kolowa, aliishi maisha ambayo yanafaa kusimuliwa karibu na ya Kimweri. Kolowa alikuwa Mkuu wa KKKT kuanzia mwaka 1976 hadi 1992, mwaka aliofariki. Cheo hicho ni cha nchi nzima, lakini jambo analokumbukwa nalo ni la chini kabisa: kuwatetea watu wenye ulemavu na wale ambao jamii imewaweka pembeni.

Ukienda Irente, kabla ya kufika kwenye mwamba, unakuta kazi za aina hiyo zimekaa pamoja. Ipo shule ya wasioona. Ipo shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Ipo nyumba ya watoto wachanga ambao mama zao walifariki katika uzazi, au ambao familia haikuweza kuwatunza. Hapa wanakaa watoto ambao, katika zama za Mbegha, wengi wao wasingepata mtu wa kuwaficha na kuwalea. Mgeni akitaka kutembelea, aombe ruhusa kwanza, na simu ibaki mfukoni: mtoto wa kituo ana haki ya uso wake sawa na mtoto wako.

Mwaka 2007, miaka 15 baada ya kifo cha askofu huyo, kanisa lilifungua chuo huko Magamba, juu kidogo ya mji, na kukipa jina la Sebastian Kolowa. Miongoni mwa mambo kilichojiwekea ni kuandaa walimu wa elimu maalumu, watu wa kwenda kufundisha watoto wasioona, wasiosikia na wenye ulemavu wa akili. Wangeweza kumjengea sanamu. Badala yake jina la marehemu likawekwa juu ya kazi ileile aliyoijali.

Nafikiri tofauti ya wazee hawa wawili haiko kwenye wema wa moyo. Kimweri naye aliwapenda watu wake. Tofauti ni kwamba kazi ya mmoja ilikaa ndani ya mtu, na ya mwingine ilikaa kwenye mikono mingi: masista, walimu, wapishi, wahasibu, wazazi. Mmoja wao akifa, mlango unafunguliwa kesho yake asubuhi na mtoto anapata uji.

Msibani, watoto wakisikiliza

Ukizunguka vijiji vya huku utaona makaburi kando ya nyumba, karibu na migomba. Wafu hawapelekwi mbali. Mtoto anacheza, anachuma ndizi, anajua babu yuko pale. Mjini tumepoteza kitu hicho. Wengi wetu huwaacha watoto kwa jirani tukienda kuzika, halafu tunashangaa wanapoota ndoto mbaya au kuuliza babu atarudi lini.

Mtoto mdogo anaweza kuambiwa ukweli kwa maneno mepesi: babu amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, haumwi tena, hatarudi, na sisi tupo. Usimwambie babu amelala, maana ataogopa kulala. Usimwambie amesafiri, maana atamngoja. Akitaka kuja makabarini na mila au dini yenu inaruhusu, aje na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni yeye tu. Akikataa, asilazimishwe. Na akicheza mpira mchana wa msiba, si kwamba hana uchungu. Watoto huomboleza kwa vipande.

Kisha sikilizeni pamoja wasifu wa marehemu unaposomwa. Mara nyingi ni tarehe, shule, vyeo na idadi ya wajukuu. Mkirudi nyumbani, mwulize mtoto swali la Wasambaa: wakati wake, watu walikuwa wazima? Nani alikula kwa sababu ya huyu mzee? Nani alisoma? Nani alipelekwa hospitali? Na kazi hiyo sasa inafanywa na nani?

Kabla ya kushuka mlima

Lushoto ya Juni na Julai ni baridi kweli. Beba masweta na soksi za watoto, na mwenye pumu asisahau dawa yake. Mtoto anayetapika njiani akae mbele, ale kidogo, aangalie mbali na si kwenye simu. Plamzi zioshwe kabla ya kuliwa, hata kama zimechumwa leo.

Kama mzee wenu bado yuko, mpelekeni naye akiweza, au mpigieni simu mkiwa kule. Mwulizeni mambo matatu. La kwanza, wazazi wake na ndugu zake walikufa kwa ugonjwa gani, maana presha, kisukari na selimundu hutembea kwenye damu za ukoo, na daktari atakuuliza siku moja. La pili, mipaka ya shamba na karatasi za nyumba ziko wapi, na nani anamdai au anadaiwa naye. La tatu, ni kazi gani anayoifanya ambayo hataki ife: yatima anayemlipia ada, kisima anachokisimamia, kikundi anachokiweka sawa.

Majibu yaandikwe. Daftari moja la shule linatosha. Liwekwe mahali panapojulikana na watu zaidi ya mmoja.